Mwiguta ya Hadithi na Mwiguta ya Vumbi

Jina hutangulia, mji hufuata.

Ndivyo alivyosema Mzee Nkwabi leo mkutanoni, nanyi mkacheka. Niliwaona. Mlicheka kwa sababu tumesimika kibao cha Shule ya Sekondari Mwiguta mbele ya ukuta mmoja usio na bati wala mlango, na mpaka sasa wanafunzi wake ni mbuzi wa Mhoja. Haya, kucheka si dhambi. Lakini mmekuja mpaka jikoni kwangu kuniuliza, "Bibi, msemo ule umetoka wapi?" na anayeuliza kwa adabu hujibiwa. Kila mmoja ashike kisu na viazi vyake. Mimi sisimulii watu waliokunja mikono, na michembe haijikati yenyewe. Vipande viwe vyembamba vikauke upesi. Limi, hicho ulichokata kinafaa kuwa kigingi cha mbuzi.

Sasa sikilizeni msemo huu ulikozaliwa.

Nchi hii haina haya ya kurudia majina. Nendeni mji wowote, mtakuta Majengo. Mtakuta na Kibaoni, hata pale ambapo kibao kilianguka zamani na kuliwa na mchwa. Watu wakihama hubeba jembe, chungu na jina la walikotoka, na wakifika hulisimika jina kabla ya nguzo ya nyumba. Kwa hiyo miji inayofanana majina ni mingi, na mtu akipotea kwa sababu hiyo hatumcheki sana. Lakini mji wetu huu haukupewa jina la mji mwingine wa duniani. Ulipewa jina la mji wa hadithini. Ninyi mnadhani hadithi ya Mwiguta ilitungwa kwa ajili yetu. Sivyo. Hadithi ni mkubwa, mji ni mdogo wake.

Hadithi yenyewe mliisikia mkiwa bado mgongoni, ila nitairudia kidogo kwa ajili ya huyu rafiki yenu aliyetoka Tabora mjini. Nyuma ya kilima cha mwisho kuna mji uitwao Mwiguta, yaani mahali pa kushiba. Lango lake ni la matete, halina komeo. Chungu hakiteremshwi mekoni mpaka mgeni afike, na mgeni hakosekani. Akifika haulizwi ukoo wala kwao. Yeye husimama langoni na kusema, "Hodi Mwiguta, nimekuja na njaa." Hapo msimulizi hunyamaza, na watoto wote huitikia kwa sauti moja, "Njaa ilale nje, wewe ingia." Mtoto asiyeitikia hushikwa paji la uso, kuonekana kama ana homa.

Hadithi hiyo ilijulikana nchi nzima kabla hapa hapajawa na hata kibanda. Kisha akaja Lugwisha.

Lugwisha hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu mbele kidogo mtamchukia. Alikuwa amegombana na kaka zake juu ya malisho, akaondoka na mkewe Milembe na kaya chache zilizomwamini. Walipofika hapa, palikuwa na kichaka, mawe na vumbi. Mmoja wao akasema kwa utani kwamba paitwe Vumbini. Lugwisha akaona hatari yake. Watu hawawezi kulima kwa moyo mahali panapoitwa Vumbini, na mwanamke hawezi kumwambia mama yake kwamba ameolewa huko. Akasema, "Patakuwa Mwiguta." Wenzake wakacheka kama mlivyocheka ninyi leo, lakini jina likashika, kwa kuwa lilikuwa tamu mdomoni. Majirani nao wakaligawa mara mbili. Mtu akisema anakwenda Mwiguta walimuuliza, "Ya hadithi au ya vumbi?"

Miaka ikapita, wakalima, wakazaa. Halafu mvua ikakosa kunyesha, na msimu uliofuata ikakosa tena.

Hapo Lugwisha alionyesha akili yake. Alikuwa amewahimiza watu waweke akiba, na vihenge vya Mwiguta vilikuwa na uwele, na michembe, na majani ya kunde yaliyokaushwa. Havikujaa, lakini vingewafikisha kwenye mvua kama watu wangekula kwa kujizuia. Wazee wakakaa, wakakubaliana: mgeni asiingie mpaka mvua inyeshe. Wakazungushia mji ua wa miiba, na langoni wakaweka magogo na tawi kubwa la mgunga. Msifikiri ulikuwa uchoyo mtupu. Huko walikotoka, Lugwisha na Milembe walikuwa wamezika binti yao mwaka wa njaa. Mtu aliyepitia hilo mkono wake huwa mgumu, na anaogopa sana njaa imkute hana akiba mara ya pili.

Mbali huko mashariki, siku nyingi za kutembea kutoka hapa, aliishi mjane aliyeitwa Nyanzobe. Alikuwa na binti yake Sayi, mtoto mchanga wa mgongoni, na mama wa marehemu mumewe, bibi mzee aitwaye Ngolo. Macho ya Ngolo yalikuwa yamefifia, lakini ulimi ulikuwa mzima. Kijijini kwao yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wa hadithi, na hiyo ya Mwiguta ilikuwa yake hasa.

Chakula kilipowaishia, na majirani walipoanza kufunga mizigo kila mtu na kwa ndugu zake, Ngolo alimwambia mkwewe, "Twende Mwiguta."

"Mama, Mwiguta ni ya hadithini," Nyanzobe alimjibu kwa upole.

"Na hadithi ilitungwa na nani, na vyura? Aliyeitunga alikuwa ametoka kula mahali."

Nyanzobe aliyachukua kama maneno ya uzee. Lakini siku hiyohiyo akapita mchuuzi wa chumvi, na kwa vile mtu mwenye njaa huuliza lolote, Nyanzobe akamuuliza kama huko apitako amewahi kusikia mji unaoitwa Mwiguta. Mchuuzi akasema, "Naujua sana. Ukivuka mto mkavu, fuata kilima chenye mawe mawili juu. Uko upande wa pili." Akajitwika chumvi yake akaenda. Hakudanganya. Aliulizwa jina, akajibu jina. Angeulizwa kama kuna chungu kisichoisha, angecheka mpaka chumvi imwagike.

Nyanzobe alibaki amesimama pale njiani. Kumbe mama mkwe alisema kweli. Kumbe mahali pale palikuwa na mto na kilima na njia ya kufikia. Msimcheke kwa kosa hilo. Angekuwa mtu wa mbali asiyeijua hadithi, mji wa Mwiguta kwake ungekuwa mji tu. Kosa lile liliwezekana kwa mtu wa kwetu peke yake, aliyeitikia "wewe ingia" tangu utotoni.

Wakaondoka. Ngolo alitembea na fimbo mpaka miguu ikakataa, ndipo Nyanzobe akambeba mgongoni na Sayi akamchukua mtoto. Walikula mizizi, wakanywa maji ya kuchimba mchangani. Kila walipokutana na watu waliuliza, "Hii ndiyo njia ya Mwiguta?" nao wakajibiwa kwamba ndiyo, waendelee. Mtu mmoja alicheka alipowajibu. Nyanzobe alidhani anawafurahia.

Walifika jua likiwa kichwani. Lugwisha alikuwa langoni pamoja na wanaume wengine, wakikaza magogo. Nyanzobe akapiga magoti kama inavyompasa mwanamke mbele ya wazee wa ugenini, na mama mkwe wake bado yuko mgongoni.

"Shikamooni, baba zangu. Hapa ndipo Mwiguta?"

"Marahaba. Ndipo," Lugwisha alisema. "Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, baba. Tunautafuta mji."

"Una ndugu hapa?"

"Hatuna. Tunajua kwamba Mwiguta haiulizi ndugu."

Wale wanaume wakatazamana. Lugwisha alielewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kukamchoma, ndiyo maana sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka.

"Mama, umekosea mji. Hiyo unayoisema ni Mwiguta ya hadithi. Hii ni nyingine. Zimefanana jina, basi. Hapa hakuna chungu kisichoisha. Kuna watu wenye njaa kama yako, ila sisi tuko ndani."

Nyanzobe alimtazama. Kisha akauliza, na aliuliza kweli, hakuwa na kejeli hata kidogo, "Sasa ile ya hadithi iko upande gani?"

Mkono wa Lugwisha ulinyanyuka kidogo, kwa mazoea ya mtu anayeelekeza wasafiri, ukarudi chini. Hakuwa na upande wa kumwonyesha.

Nyanzobe akamteremsha mama mkwe wake kwenye kivuli chembamba cha ua. Hakulia. Alikuwa anafikiria atamwambiaje mzee yule kwamba amembeba nchi nzima kumleta mahali pasipo. Mwishowe akasema tu, "Mama, wanasema si hapa."

Ngolo alinyoosha mkono akapapasa magogo ya lango. "Hapa ni wapi?"

"Ni Mwiguta, lakini..."

"Basi hujabisha, mwanangu. Nimekusikia unaongea mengi, lakini kubisha hujabisha." Akajiweka sawa, akakohoa, akainua ile sauti yake ya kusimulia, nyembamba kwa njaa lakini inayojua inakokwenda. "Hodi Mwiguta. Nimekuja na njaa."

Kwa ndani, watoto wa mji walikuwa wamejazana uani kuwachungulia wageni kwenye mianya ya miiba. Waliposikia maneno yale hawakufikiri. Hakuna mtoto afikiriaye hapo. Wakaitikia wote, kwa sauti moja na kwa mvuto uleule wa siku zote, "Njaa ilale nje, wewe ingia."

Na si watoto tu. Midomo ya wakubwa kadhaa nayo ilicheza, na wengine sauti iliwatoka.

Mnajua desturi yetu: neno la langoni halirudishwi. Ukimwambia mtu "ingia", umemwambia. Hata ukigundua ndiye mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, ataingia, atakunywa maji, mtagombana baadaye. Wale wazee walijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Nani amesema ingia?" Lugwisha aliuliza. Hakuna aliyejibu, maana jibu lilikuwa wote. "Hao ni watoto. Wameitikia hadithi, hawakulijibu lango. Neno la hadithini si neno la langoni."

Wazee wengine wakaafiki haraka, wamefurahi kupata pa kutokea. Nyanzobe akaanza kumfunga tena mama mkwe wake mgongoni. Ndipo Milembe, mke wa Lugwisha, aliyekuwa anachambua majani ya kunde karibu na lango, akaweka ungo chini na kuinuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mbele za watu hakuwahi kubishana na mumewe.

"Baba Mayunga," alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao. "Nina swali."

"Si sasa, Milembe."

"Ni la sasa. Maneno yale watoto tumewafundisha sisi. Tuliwafundisha uongo?"

"Ile ni hadithi. Hadithi si uongo wala si kweli."

"Sawa. Na jina la mji?"

"Limefanyaje?"

"Tulilitoa humohumo hadithini. Kama neno la hadithini halifungui lango, basi na jina si letu. Tulirudishe. Leo hii, kabla mama huyu hajafika mbali, ili asiwaambie watu kwamba alifukuzwa Mwiguta. Tuambie mji huu unaitwaje kuanzia sasa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuuita hivyo."

Lugwisha alifungua kinywa. Watu wote walikuwa wanamtazama, wa ndani na wa nje. Akatafuta jina, na kila lililomjia lilikuwa la aibu. Wala Vumbini halikutosha tena, maana vumbi halimfukuzi mtu.

"Nikiwaingiza hawa, kesho watakuja wengine," alisema mwishowe, na safari hii hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeomba msaada. "Jina hili litatumaliza, Mama Mayunga."

"Ulipolitoa hadithini hukuona kwamba lina wageni ndani yake?"

Macho ya Lugwisha yakamwangukia Sayi, amesimama na mdogo wake kiunoni, magoti yamepauka, haombi chochote. Binti yao waliyemzika alikuwa wa kimo hicho. Lugwisha alihuzunika, akajiona mdogo kuliko lango alilolijenga. Akalishika lile tawi la mgunga kwa mikono mitupu, likamchoma, akalivuta kando.

"Ingieni," alisema. "Lakini nawaambia mapema, chungu chetu kinaisha."

Milembe aliwakorogea uji. Ngolo alishika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.

"Ndiyo Mwiguta hii?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," Milembe akamjibu.

"Mbona uji mwepesi? Hadithini ulikuwa mzito."

Milembe akacheka. Watu walisema baadaye kwamba hawakuwa wamemsikia akicheka tangu mvua ya kwanza ilipokosa. "Vumilia, mama. Mvua ikinyesha tutakukorogea ule wa hadithini."

Ningekuwa natunga, ningewaambia kwamba kuanzia siku hiyo vihenge vilijaa vyenyewe. Havikujaa. Lugwisha alikuwa amesema kweli: habari zilisambaa kwamba Mwiguta imefungua lango, na wengine wakaja. Watu wakaanza kula mara moja kwa siku, kisha uji wenyewe ukawa maji yaliyooneshwa unga. Kulikuwa na manung'uniko na milango iliyobamizwa. Lugwisha alizunguka vihenge akipiga mahesabu yasiyokubali, akirudi nyumbani alimtazama Milembe kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Milembe naye aliogopa, sana, lakini alikuwa amekwisha kusema.

Wageni hawakukaa bure. Bonde hili la udongo mweusi mnalolima leo, wakati ule lilikuwa kichaka kitupu. Waanzilishi walikuwa wachache, hawakuliweza. Sasa mikono ilikuwapo. Asubuhi na mapema, kabla njaa haijaamka vizuri, walifyeka kidogo, wakapumzika sana, wakafyeka tena kidogo. Watu wengine waliwacheka kwa kusafisha shamba wakati mbingu ni kavu kama kigae.

Ikaja siku ambayo chakula kilikwisha, ikabaki mbegu. Ilikuwa ndani ya kihenge kimoja, nyumbani kwa Lugwisha, na wanaume wa mji wakakusanyika pale. Wakasema afungue, kila kaya ichukue chake, kisha kila mtu atafute njia yake. Mji umeshindwa, walisema, hakuna haja ya kufa pamoja kwa ajili ya jina. Mkono wa Lugwisha ulikuwa tayari kwenye kifuniko.

Nyanzobe akasogea. "Mimi ni mgeni, sina kauli kwenye kihenge chenu."

"Sema," Lugwisha alimwambia. "Umekula njaa yetu, una kauli."

"Nilikotoka tulikula mbegu, baba. Tulisema tutaona mbele. Ndiyo maana mlinikuta langoni kwenu. Hata mvua ikinyesha kule, inanyesha bure, hakuna aliye na kitu cha kutia ardhini." Akawageukia wale wanaume. "Msifungue. Sisi tuliokuja tutakwenda kutafuta chakula porini, mbali kuliko tunakokwenda sasa, hata kama ni kulala huko. Mtuachie tu watoto wetu humu ndani, na mama yangu."

Mwanamke yule alikuwa amefukuzwa kwenye lango hilihili, na sasa anataka kuwaacha wanawe ndani yake na kuondoka. Lugwisha akaondoa mkono kwenye kifuniko. Hakufanya haraka, na machozi yalimtoka mbele ya watu wala hakuyafuta.

"Nendeni na vijana wetu," alisema. "Msiende peke yenu."

Walikwenda, wa zamani na wapya wamechanganyika. Huko porini walipata mizizi na ukwaju, na mara moja wakapata mzinga wa nyuki wa kuwatosha wote kulamba. Walirudi, wakaenda tena. Waliokonda walikonda zaidi. Mzee mmoja wa mji alifariki, na kaburi lake lilichimbwa na wageni. Watoto walipewa kwanza, kila mara, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani.

Halafu, mchana mmoja watu wakiwa bondeni, mvua ikanyesha. Ilinyesha bila kutisha, kama mtu aliyechelewa na anajua amechelewa. Walikuwa na mbegu yote, walikuwa na bonde lililofyekwa, walikuwa na mikono ambayo Mwiguta haikuwa nayo kabla. Walipanda mpaka migongo ikagoma.

Mavuno yake yalizungumzwa miaka mingi. Vihenge vya zamani havikutosha, wakasuka vingine. Milembe alimkorogea Ngolo uji mzito, kijiko kikasimama ndani yake. Yule bibi akanywa taratibu, wote wakimtazama mdomoni.

"Ndiyo wenyewe huu?" Milembe aliuliza.

"Umekaribia," Ngolo akasema. "Hadithini ulikuwa na asali."

Sasa, Nyanzobe alikuwa na kaka yake, Kasanda, mfua majembe, aliyekuwa ameishi nchi ya mbali wakati wa njaa. Mvua iliporudi, naye alirudi kwao, akaikuta nyumba ya dada yake haina mlango na jiko limeota majani. Akauliza. Majirani waliosalia wakamwambia, wakitazama chini, "Walikwenda Mwiguta."

Kasanda alilia. Kwake yeye mtu kwenda Mwiguta ya hadithini ni namna nyingine ya kusema amekufa njiani. Hata hivyo akaifuata njia ile, walau apate kuifunika mifupa yao. Akauliza huku na huku, akaelekezwa Mwiguta ya vumbi, akavuka mto uliokuwa mkavu na sasa una maji, akazunguka kilima chenye mawe mawili. Akamkuta mzee amekaa penye pengo la ua anasuka kihenge. Yale magogo ya lango hayakuwapo, walikuwa wameyachoma kupikia.

"Shikamoo, mzee. Hapa ni Mwiguta ya vumbi?"

Lugwisha alimtazama. "Marahaba. Hapa ni Mwiguta."

"Nina dada yangu aliyetoka mashariki na watoto na mama mkwe wake. Walikuwa wanaitafuta ile ya hadithi, na najua si hii, zimefanana jina tu. Nilitaka kuuliza kama mliwaona wakipita, na walielekea wapi."

"Hapa hawakupita," Lugwisha akasema.

Kasanda akakaa chini palepale, mikono kichwani.

"Hawakupita," Lugwisha alirudia, akaweka kihenge kando na kumshika bega. "Walifika. Dada yako yuko bondeni, anavuna."

Ilimchukua Kasanda muda kuelewa. Alitazama nyumba, akatazama vihenge, akatazama watoto wanaokimbizana, na mmoja wao alikuwa Sayi, amerefuka. "Kwa hiyo," aliuliza, "hii ndiyo ile?"

"Haikuwa ile," Lugwisha akamwambia. "Jina lilitutangulia, nasi tulikuwa nyuma tunajikokota. Dada yako ndiye aliyetukuta njiani, tukafika naye pamoja. Inuka, uingie."

Kasanda alikaa Mwiguta msimu mzima, akawafulia watu majembe. Aliporudi kwao, kila aliyemwona akiwa na furaha alitaka kujua amewakuta wapi marehemu wake, na katika Mwiguta ipi kati ya zile mbili. Alichoka kusimulia yote tangu mwanzo. Akayachukua maneno ya yule mzee wa langoni, akayafupisha kama wasafiri wafanyavyo, na kila aliyemuuliza alimpa hayo tu: jina hutangulia, mji hufuata.